Nilivyompeleka Mwajuma Kutibiwa Kidonda cha Uzazi

Tangu nirudi, kila anayefika barazani kwangu, hata maji hajamaliza kunywa, anauliza: "Bi Zuhura, kulikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila anayetoka hapa anakwenda kusimulia yake. Nimesikia masista walinifungia chumbani. Nimesikia Mwajuma amekatwa mguu. Basi nimechukua daftari nililopewa kwenye kisomo cha watu wazima, nikaandika mwenyewe. Mwandiko wangu ni wa kuku, najua. Lakini maneno ni yangu na hayajapita mdomoni kwa mtu.

Mnanijua. Mie ni mkandaji wa wazazi, tangu bendera ya Mwingereza haijashushwa. Sikusomeshwa na baba, sikuolewa na tajiri. Nyumba hii ya vyumba vinne hapa Temeke nimeijenga kwa viganja hivi viwili. Mwanamke akijifungua naitwa mie. Namkanda kwa maji ya moto siku arobaini, tumbo, kiuno, mgongo na chini, namfunga mkaja tumboni, namnywesha uji wa pilipili manga, na akitoka nje watu wanauliza kama kweli alizaa.

Mwanangu Mwajuma alipomzaa Zaina alichanika vibaya, wakamshona hospitalini. Miezi minne ikapita, kidonda hakijafunga. Kiliota nyama nyekundu, laini, ukiigusa kwa kitambaa tu inatoa damu. Wakamshona tena, kikaachia tena. Mtoto wa watu hawezi kukaa kitako. Ananyonyesha amelala ubavu, anakula amesimama kama askari wa zamu. Mumewe Hamisi ni kijana mpole, yuko kiwanda cha nguo, hakusema neno. Ila mama yake alishaanza kusema kwa niaba yake kwamba mke mgonjwa hurudishwa kwao.

Mie nilikuwa na hakika moja: wale wa hospitali hawajui kushona. Kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponiambia kuna hospitali ya masista huko milimani, ng'ambo ya Morogoro, wanaotibu vidonda vya namna hiyo, nikasema tunakwenda. Mambo ya barua ya balozi na vibali nayaruka, hayana ladha.

Temeke hadi Kimara

Asiyeweza kukaa hapandi basi. Nikampata dereva Kasimu, anayeendesha pikapu ya tajiri wake, anapeleka nazi Morogoro. Siku yake ni Jumapili, na nyote mnajua sheria ya siku hizi: Jumapili ikipiga saa nane mchana, magari ya binafsi hayatembei, mafuta ni ya taifa. Tukapatana tuondoke saa moja asubuhi, saa nane itukute tumeshafika.

Tulisawazisha nazi, tukatandika magunia, juu yake godoro, Mwajuma akalala ubavu. Mie nikapakia vyangu: jiko, gunia la mkaa, sufuria kubwa, beseni, chumvi, majani ya mkunazi.

Kasimu akatazama, akajishika kiuno. "Bi mkubwa, unakwenda kuuguza au unahama?"

"Wewe kamata usukani. Mwanangu hakai siku moja bila maji ya moto."

Kimara tairi likapasuka. Fundi wa matairi alikuwepo mmoja tu, na huyo mmoja yuko kanisani. Tukangoja. Jua likapanda. Nikamwachia Mwajuma mtoto, nikaenda mpaka mlangoni pa kanisa, nikasimama pale na baibui langu. Padri akanitazama, nami nikamtazama. Mwisho fundi akatoka kwa aibu, kavaa suti.

"Shikamoo, mama. Misa haijaisha."

"Marahaba. Mungu hana haraka, mie ninayo."

Hakukataa. Ila alisema suti ile ni ya harusi ya mdogo wake, haigusi tairi. Akaenda kwake kuvua, na huko kwake akakuta chakula kimeiva. Alirudi anajichokonoa meno. Tulipoondoka Kimara ilikuwa saa saba na ushei.

Kibamba

Hapo ndipo saa nane ilipotukamata, na askari wa barabarani pamoja nayo. Akachungulia nyuma ya gari. Mwajuma alikuwa amejifunika kanga gubigubi kwa ajili ya vumbi, na mtoto nimempakata mie.

Kasimu akashuka upesi, akavua kofia. "Afande, tuna msiba. Tunapeleka maiti kwao Morogoro."

Askari naye akavua kofia. "Poleni sana, mama. Ni mwanao?"

"Ni mwanangu."

"Mungu amrehemu."

Kasimu akanikonyeza nilie. Kulia naweza, nimelia kwenye misiba mingi hata ya watu nisiowapenda. Lakini kumlilia mtoto aliye hai, nimwitie mauti kwa mdomo wangu mwenyewe? Sikuweza.

"Hajafa," nikamwambia askari. "Anaumwa. Huyu dereva ndiye muongo."

Sauti ikatoka chini ya kanga: "Mama, si ungenyamaza tu."

Askari aliruka hatua tatu nyuma, kofia ikamwanguka. Alipoiokota alikuwa mtu mwingine. "Maiti ningeipitisha," akasema. "Mgonjwa juu ya nazi, hapana. Mtaondoka kesho alfajiri."

Kasimu hakunisemesha tena siku ile. Mie sikujuta. Nilimwambia, bora nichelewe na mgonjwa kuliko niwahi na maiti.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba, mama mmoja akatuita tusikae juani. Alijitaja Mama Anastasia, Mmakonde, mumewe anachonga vinyago. Wakamlaza Mwajuma kibandani, humo humo wanamochongea. Vile vinyago vina macho yaliyotoka na midomo iliyopinda. Nikamwomba mwenye nyumba avigeuze uso ukutani.

"Havili watu, Bi mkubwa," akasema, lakini alivigeuza. "Vinanunuliwa na Wazungu tu."

Jioni wakaleta ugali wa unga wa njano na mchicha. Nikauliza waziwazi, maana siwezi kula nikiwa na shaka: "Mama Anastasia, sufuria hii haijapikiwa nguruwe?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nguruwe nimtoe wapi, mama? Hata chumvi ya mchicha huo nimeipangia foleni siku mbili. Kula."

Nikala, na ulikuwa mchicha mtamu.

Kabla jua halijazama nikawasha jiko langu uani. Maji yakachemka, nikatia majani na chumvi, nikayapoza kidogo kwenye beseni. Mama Anastasia akachovya kidole, akakitoa mbio. "Mama, haya si ya kunyonyolea kuku?"

"Haya ndiyo yenyewe," nikasema. Nikatia kiganja changu chote, nikakiacha humo, namtazama usoni. "Kipimo ni mkono wa mkandaji. Mkono wangu ukiyakubali, yamefaa."

Nilijivuna, nasema kweli. Tukamkalisha Mwajuma kwenye beseni, akauma pindo la kanga. Mama Anastasia aliinuka akaenda kushughulika na kuni zake, na hakurudi mpaka tumemaliza.

Kibamba hadi Morogoro

Alfajiri tukaondoka. Kasimu alikuwa bado amenuna. Mlandizi nikamnunulia muhindi wa kuchoma, akaupokea bila neno. Chalinze nikamnunulia paja la kuku. Hapo ulimi ukafunguka.

"Bi mkubwa, wewe ukiwa shahidi mahakamani, mshtakiwa amekwisha."

"Usiibe, hutanihitaji."

Barabara ilikuwa mbovu sehemu na sehemu, na kila shimo lilikuwa linamwingia Mwajuma mwilini. Hakulalamika. Mara moja tu aliniambia, "Mama, hawa wakishindwa pia, nirudishe nyumbani kwako, si kwa Hamisi. Sitaki aletewe mke mwingine nikiwa natazama." Nikamwambia asiseme upuuzi. Lakini neno lile lilikaa kifuani kwangu mpaka Morogoro, na mpaka leo nalikumbuka lilivyotoka, pole pole, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Morogoro tukaagana na Kasimu, Landrova ya misheni ikatupandisha mlimani.

Hospitali ya milimani

Aliyetupokea ni Sista Redempta, muuguzi, Mluguru mnene mwenye sauti ndogo. Alimlaza Mwajuma nyuma ya pazia, akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akaniita nione.

"Bibi, hii nyama nyekundu si uchafu wala si uchawi," akasema. "Mwili ulikuwa unajaza shimo. Umejaza kupita kiasi, nyama imepanda juu kuliko ngozi. Ngozi inataka kuvuka ili ifunge, inakuta kilima."

"Sasa mtakikata?"

"Tutakishusha pole pole."

Alikuwa na kijiti chembamba chenye dawa nchani. Akaigusa ile nyama kidogo kidogo, ikageuka nyeupe, kisha kijivu. Ilimchoma Mwajuma kidogo, si sana. Kila baada ya siku moja hivyo hivyo. Zaidi ya hapo, kusafisha kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, yenye chumvi kidogo, kukausha vizuri, mayai, maharage, na kulala. Mie nikacheka moyoni. Nimetoka Temeke mpaka mawinguni kuja kuonyeshwa maji ya baridi?

Siku tano za kwanza sikupata pa kuwasha jiko. Siku ya sita nikagundua jiko la wanaouguza, nyuma ya wadi, alfajiri halina mtu. Kila siku kabla ya kengele ya kanisa nikawa nachemsha maji yangu, namwamsha Mwajuma, namkalisha kwenye beseni. Hakukataa. Wagonjwa wengine wakadhani tunakwenda kuoga. Nao walinipenda, maana mchana nilikuwa nawakanda migongo na kuwasimulia habari za Dar es Salaam. Kidonda nilipokitazama siku ya tano nilikuta kimeanza kuchukua ngozi pembeni. Nikawaza: kikipata na maji yangu, wiki moja kimekwisha.

Wiki moja ikapita. Sista akafungua pazia, akainama. Kisha akamwita daktari, wakasemezana.

"Bibi," akaniambia baadaye, mbele ya wadi nzima kwa sababu mie sikuwa na utaratibu wa kuitwa pembeni, "kidonda kilikuwa kinafunga. Sasa kimefunguka, na ngozi mpya imebabuka. Sielewi. Nyama inaota tena. Daktari anasema Ijumaa amkate na kumshona mara ya tatu. Lakini nyama ile imechoka kushonwa. Ikiachia safari hii, sijui kama kutabaki pa kupitisha sindano."

Nikamtazama Mwajuma. Alikuwa ameelekea ukutani, ananyonyesha. Hakugeuka. Alikuwa radhi kukatwa kuliko kunitaja.

Sikupenda nilichotaka kusema. Nilikisema.

"Msimshone. Ni mie. Kila alfajiri namkalisha kwenye maji ya moto."

Nilingoja Sista anifokee, na nilikuwa na majibu yangu. Hakufoka. Aliuliza, "Moto kiasi gani?"

"Kiasi cha mkono wangu."

"Nionyeshe."

Akaleta mabeseni mawili. Akaniambia nifumbe macho, nitie mkono huku, kisha kule, niseme lipi lina moto zaidi. Nikatia. Nikatia tena. Nikamwambia, "Sista, umeweka maji yale yale. Yote vuguvugu."

Nikafumbua macho. Akachukua mkono wa Mwajuma, akachovya kidole chake kwenye beseni la kwanza. Mwajuma hakushtuka. Akachovya kwenye la pili, Mwajuma akapiga kelele akaunyofoa.

Sista akanishika viganja, akavigeuza, akavipitishia kidole gumba. "Umekanda miaka mingapi, bibi?"

"Tangu sijapata mvi."

"Viganja vimeungua siku nyingi, ndiyo maana havikuambii tena. Na hata vingekuambia, aliyeshonwa hakandwi chini kwa maji ya moto. Uzi unalegea, ngozi changa inaungua, na mwili unaleta nyama upya. Si hospitali iliyoshindwa kushona."

Alipokwenda, nikamwuliza Mwajuma, "Kwa nini hukuniambia yanaunguza?"

Akajibu bila kunitazama. "Ningekuambia nini? Wewe ndiye mkandaji. Temeke nzima inakuita. Nilidhani mie ndiye dhaifu." Kisha akasema, "Kibamba ulishindwa kunyamaza hata kwa faida yetu, Mama. Hapa ulinyamaza wiki nzima."

Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe. Sikulia, na anayewaambia nililia anawadanganya. Nilikuwa nahesabu. Zamani wanawake walikuwa wanazalia majumbani, hakuna nyuzi, na mkono wangu ulikuwa bado unasikia. Siku hizi wanazalia hospitali, wengi wanashonwa, na mie nikawa nawakanda vile vile. Niliwakumbuka sita walioshonwa. Watano najua walipona, nimewaona wakicheza ngoma. Wa sita ni Mwanakombo wa Kinondoni. Yeye kila nikimkanda alikuwa analia, nami nikamwambia akaze moyo, aache kudeka. Arobaini ilipokwisha nikachukua kanga zangu za shukrani nikaenda zangu. Sikuwahi kurudi kuuliza.

Ijumaa hawakumshona. Walianza upya na kijiti. Mie nikapewa kazi ya kupoza maji, na kipimo si kiganja tena, ni upande wa ndani wa kiwiko, mahali ambapo jiko halijafika. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili kilima kikashuka. Wiki ya tano, asubuhi moja, nilileta uji nikamkuta Mwajuma amekaa kitandani, kitako, miguu inaning'inia, anamchana Zaina nywele tatu alizonazo. Nikampa uji.

Kurudi Dar es Salaam

Tulirudi kwa basi, siku ya kazi, kama watu. Jirani yetu kwenye kiti alikuwa mzee mwenye kuku wawili, alilalamika tangu Morogoro mpaka Ubungo kwamba viti vya basi lile ni vigumu kama mawe. Mwajuma alikuwa anamwitikia, "Kweli, babu, vigumu," huku amekaa wima, anacheka peke yake dirishani. Hamisi alikuja kumchukua siku ile ile, akambeba mtoto begani, na mama yake akapika pilau. Nilikula pilau lile. Maneno yangu nikayaweka.

Kinondoni

Siku tatu baadaye nikavuka mji mpaka Kinondoni. Hii ndiyo sehemu ambayo hamjaisikia, maana sikumwambia mtu.

Nilimkuta Mwanakombo barazani kwake anapika vitumbua. Wapika vitumbua wote niliowaona maishani wanakaa, kwenye kigoda, kwenye tofali, kwenye chochote. Yeye jiko lake alikuwa ameliinua juu ya meza, anapika amesimama, mguu mmoja ameuegemeza. Sikuhitaji kuuliza. Lakini sikuwa nimekwenda huko kuacha kuuliza.

"Shikamoo, Bi mkubwa," akasema bila furaha. "Leo umekuja kunikanda?"

"Marahaba. La. Kile kidonda hakijafunga?"

Akatazama kulia na kushoto. Wateja walikuwa mbali. "Ulisema nadeka."

"Nilisema. Nilikuwa nakuunguza, na sikujua, na uliponiambia sikusikia. Nimemuunguza na mwanangu vile vile. Yeye amepona. Nimekuja kukwambia kinatibika."

Akachukua kijiti chake akaanza kugeuza vitumbua, kimoja baada ya kimoja, karai zima, nami nimesimama pale juani. Vilipokuwa tayari akaviopoa, akafunika makaa kwa jivu, akajifuta mikono. Tangu nifike hakuwa ameniangalia usoni. Sasa akaniangalia.

"Miaka miwili, Bi Zuhura."

"Najua."

"Hiyo hospitali iko mbali?"

"Mbali," nikamwambia. "Funga mzigo. Njia naijua, na safari hii mie ndiye nitakayekubebea mtoto."